Jaribio la Tatu la Jiko Dogo

Jumapili, 2 Juni

Dada kaja mchana. Kala vizuri, kacheka vizuri, halafu mke wangu alipokuwa anatoa vyombo Dada akasema — kama anayetaja bei ya vitunguu — daktari wa macho kamwambia presha ya macho imeshaharibu sana. Kinachoondoka hakirudi. Matone ni ya kuchelewesha tu. Nikauliza kuchelewesha kwa muda gani. Kasema yule ni daktari, hapigi ramli.

Anataka kwenda kule juu. Kilele chetu, alikokuwa akinipandisha nikiwa mdogo, baada ya mama kututangulia. Yeye na birika, mafiga tunaokota hukohuko. Anataka kuliona bonde angali analiona, na anywe chai iliyochemshwa palepale. Si ya chupa! Chai ya chupa inanuka chupa. Lakini walinzi wa msitu siku hizi hawataki kuni wala makaa. "Wewe si ndiye mtu wa kupima? Nitafutie jiko dogo, jepesi, la kutia mfukoni. Migongo yetu si ile ya zamani."

Nikamwambia Jumamosi. Sauti yangu ilikuwa ya mtu mwenye uhakika.

Jumanne, 4 Juni

Nimepita kwenye duka la vifaa vya kambi baada ya kazi. Mwenye duka ni mama mwenye sauti ya kunadi. Kanipangia majiko matatu juu ya kaunta. La kwanza la gesi, miguu inakunjwa, linafungwa juu ya kopo lake. Likikunjwa linaenea kiganjani. La pili limeungana na sufuria, hodari kwenye upepo, lakini zito. La tatu ni kikopo tu cha spiriti. Hakina bomba, hakina cha kuharibika.

Boksi la lile la kwanza limeandikwa gramu themanini. Nikatoa mizani yangu ya mfukoni. Themanini na tisa! Mwenye duka kasema hiyo tisa ni ya mfuko wake. Nikamwambia mfuko nao unapanda mlima. Kaninunia. Kisha kaniuliza kama na mke wangu nilimpima kabla ya kuoa.

Nimechukua la spiriti. Jepesi kuliko yote.

Jumamosi, 8 Juni

Hatukwenda. Ilibidi nilijaribu kwanza — utampandishaje mtu mzima mlimani na jiko usilolijua? Bafuni, dirisha wazi, feni imewashwa. Mke wangu kafungua mlango, kamkuta mumewe kachuchumaa mbele ya kikopo, feni inampuliza kisogoni. Kafunga mlango.

Shida ni hii: mwali wa spiriti hauonekani mchana. Nilidhani umezimika, nikapeleka kidole. Kidole sasa kina lengelenge. Hapana. Moto usioonekana, na Dada macho ndiyo hayo — hapana kabisa. Nimempigia. Kasema sawa, Kitinda, Jumamosi ijayo basi. Nina mvi kichwa kizima na bado ananiita Kitinda.

Nimefanya vizuri kupima.

Alhamisi, 13 Juni

Nimerudisha la spiriti, nimechukua la gesi, la miguu ya kukunja. Mwenye duka kanipokea kwa "karibu, mzee wa gramu". Jaribio la kwanza nimelifanya leo jikoni. Vikombe viwili vimechemka kabla sijamaliza kubadili nguo za kazi. Zuri.

Kazini mizani haipati muhuri wangu mpaka niipime siku tatu, hali ya hewa tofauti. Ofisi ya vipimo inataka mara moja tu. Hizo tatu ni zangu mwenyewe. Ndiyo maana pale sokoni hakuna anayebishana na muhuri wangu, si muuza nyama, si muuza mchele. Jiko nalo litapita njia hiyohiyo. Haraka haraka haina baraka.

Jumamosi, 15 Juni

Mbingu safi, hata wingu la kudokoa hakuna. Dada kaja asubuhi, viatu vya mlimani tayari miguuni, kikapu mkononi. Ndani ya kikapu — chupa ya chai! Yeye! Kasema basi twende na chupa, jiko litakuja siku yake. Leo kuko wazi, bonde litaonekana mpaka darajani.

Nikasema hapana. Jiko limebakiza majaribio mawili. Nikamkumbusha na maneno yake mwenyewe, kwamba chai ya chupa inanuka chupa. Nikaona nimemshinda.

Kacheka. Kakaa, kavua viatu polepole, tukainywa ile chai hapa sebuleni, watatu. Haikunuka kitu. Yeye ndiye aliyemimina, na nyingine ilimwagika nje ya kikombe. Mke wangu akapangusa upesi kabla hajajua.

Alipoondoka mke wangu kasema, "Chelewa chelewa..." kaniachia nimalizie mwenyewe. Sikumalizia. Tangu hapo ananijibu kwa ndiyo na hapana.

Jumatano, 19 Juni

Jaribio la pili, uani, kwenye upepo wa kweli. Limeshindwa. Mwali unalala, maji yanabaki vuguvugu. Nimekunja kinga ya bati, upande mmoja tu. Ukilizungushia pande zote, kopo la gesi nalo linapata moto, hiyo ni hatari. Basi kinga nayo ina uzito wake. Kufidia, nimekata mpini wa kijiko. Kumbe kijiko ni cha ile seti aliyopewa mke wangu siku ya harusi. Leo amenisemesha, na heri angeendelea kununa.

Jioni nimerudia na kinga. Limepita. Bado moja.

Majani ya chai, maziwa ya unga, sukari, kila kimoja nimekitia kwenye kimfuko chake. Dada anaweka sukari vijiko vitatu na hataki kuambiwa. Nimemwekea vinne.

Jumamosi, 22 Juni

Mvua.

Jumapili, 30 Juni

Mvua bado. Mlima umefutika, huwezi kujua kama upo. Walinzi wamefunga njia, wanasema inateleza.

Mke wangu alikwenda kwa Dada. Karudi, kasimama mlangoni na mwavuli mkononi, haukunji. Kasema wifi amefunga nyuzi kwenye mitungi yake ya jikoni. Wa sukari fundo moja, wa chumvi mafundo mawili. Nikasema Dada siku zote ni mtu wa utaratibu, wakunga ndivyo walivyo, amezalisha watu mpaka akastaafu na hakuwahi kupoteza hata mkasi.

Mke wangu kakunja mwavuli. Kasema nimezoea kupima vitu vinavyoningoja.

Nikaenda kupangusa jiko. Halikuwa na vumbi.

Ijumaa, 5 Julai

Nimempigia Dada. Mvua inapiga bati lake mpaka tunapigiana kelele. Anasema yupo, hajambo, matone anatia. Kauliza habari za jiko. Nikamweleza kinga, sufuria, kifuniko. Kauliza lina rangi gani. Nikamwambia si ulilishika mkononi ile Jumamosi, ukaligeuzageuza? Kasema ndiyo, alilishika. Anataka tu kusikia.

Rangi ya shaba, nikamwambia. Miguu mitatu, ina meno madogo ili sufuria isiteleze. Kasema hayo meno aliyasikia kwa vidole. Kisha akaleta hadithi zake za wodini, taa zilipokuwa zikizimika na mtoto anakuja, hangoji umeme. Mkunga anaona kwa mikono, kasema. Tukacheka sana. Nimekata simu nikiwa na furaha, sasa nimekaa hapa furaha imeniishia na sitaki kujiuliza kwa nini.

Jumatano, 10 Julai

Jua! Njia imefunguliwa.

Leo sokoni muuza nyama kanisihi nimpigie mizani yake muhuri leo hii, wateja wamejaa na hawezi kuuza. Ni kipimo cha kwanza tu. Kilikuwa sawa. Nikapiga muhuri. Wauzaji wa jirani wakadhani naumwa. Mwenyewe pia sikujielewa. Kumbe mara moja inatosha.

Nimempigia Dada palepale buchani. Jumapili tunakwenda, jaribio la tatu litafanyika hukohuko juu. Kasema sawa, Kitinda, lakini unipitie nyumbani. Dada hajawahi kuomba kupitiwa na mtu.

Jumapili, 14 Julai

Naandika nikiwa huku juu. Nilikuja na daftari ili niandike jaribio la tatu.

Nilimpitia mapema. Alikuwa amekwisha vaa, amekaa kitini, mlango wazi. Ile chupa ya chai ilikuwa mezani, imejaa, kaitengeneza "kama jiko lako likigoma". Alipokuwa anatafuta ufunguo nikaipima, mazoea tu. Kisha nikapima begi langu: jiko, kopo, kinga, sufuria, na maji ya kuchemshia. Chupa na begi havitofautiani hata kwa kitunguu. Maji! Mwezi mzima sikuyahesabu maji. Mfuko wa mwenye duka niliuhesabu, nikamwaibisha mtu dukani kwake. Maji sikuyahesabu. Nikaiacha chupa mezani na sikusema kitu.

Njiani alishika mkanda wa begi langu tangu getini. Kasema ni magoti. Nikamwamini, kwa sababu ilikuwa rahisi kumwamini. Kila penye mzizi akauliza, "Hapa?" nami nikasema, "Hapa." Zamani yeye ndiye aliyekuwa mbele, na mimi nimeshika gauni lake, nauliza hivyohivyo.

Tukafika. Kuko wazi kuliko hata ile Jumamosi. Nikainamia jiko. Miguu, kopo, kinga upande wa upepo, njiti moja ya kiberiti. Likawaka. Niliona fahari, naandika kama ilivyokuwa. Nikageuka nimwambie, Dada, tazama.

Amekaa amegeukia mwamba. Bonde lote liko mgongoni kwake. Uso kaunyanyua, jua linampiga, anatabasamu. Kauliza, "Mto umejaa?"

Nilidhani ni utani. Dada ana utani mwingi. Nikasubiri acheke.

Nikamuuliza anaona nini. Kasema anaona mwanga, jicho la kulia zaidi. Tangu lini? Tangu mvua zilipoanza, kasema, kidogo kidogo, kama mtu anayefunga duka kwa mbao, ubao baada ya ubao. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia. Kasema ningeanza kumpima na yeye.

Halafu, bila ukali wowote — heri angekuwa mkali, ningepata pa kushika — kasema, "Ile Jumamosi ya chupa ningeliona daraja."

Basi. Kaomba kikombe chake akishike mapema.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Wangu alikuwa anabisha hodi tangu mwezi wa sita. Mke wangu alimsikia. Mimi nilikuwa bafuni na feni.

Ningekuwa mtu mwingine ningelia. Nimeongeza gesi.

Sasa anataka nimsomee bonde. Nianze na mto, anasema, kisha daraja, kisha paa la ile shule, kama bado ni jekundu. Nisiharakishe. Mto umejaa, ndiyo, umepanda mpaka kwenye mashamba, unang'aa, na upande wa darajani kuna watu wadogo wanavuka na kitu cheupe, sijui ni mabati au shuka. Yote hayo nayaona. Nimemwambia angoje kidogo, maji yachemke kwanza.

Hata sasa nimemwambia angoje.

Anaisikia kalamu. Kauliza naandika nini. Nikasema matokeo.

"Limepita?"

Maji yanachemka. Upepo upo, mwali umesimama wima, kinga haitikisiki. Bado amegeukia mwamba, sijamgeuza. Anasubiri jibu, kikombe kitupu mikononi.