Nyanya Amefuturu kwa Neno Langu

Alhamisi, Ramadhani 1994

Wala hakunishuku. Hilo ndilo linaloniuma.

Nyanya hasikii vizuri siku hizi, kwa hiyo magharibi hunitegemea mimi nimwambie kama mwadhini ameadhini. Ana sukari. Daktari alimkataza kufunga, naye akamjibu, "Wewe umefunga mara ngapi, mwanangu, hata unifunze?" Mama alicheka. Mimi sikuweza.

Leo nilipompelekea tende, midomo yake ilikuwa imekauka na mikono inatetemeka.

"Wameadhini?"

Mtaa wetu wote wa Kuze ulikuwa kimya bado. Nikasema, "Ndiyo, Nyanya. Futuru."

Akasoma dua, akala tende, akanywa maji yote. Kisha akanishika kichwa. "Mungu akuweke, mwanangu. Wewe ndiwe masikio yangu." Hapo ndipo mwadhini alipoanza, na yeye hakumsikia.

Nikimwambia, atataka kuilipa siku hii, na mwili wenyewe ndio ule. Nikinyamaza, atakwenda kwa Mola wake akidhani saumu yake ilitimia. Ningemfungia mimi, hata siku kumi, lakini maalim alitufunza kuwa aliye hai hafungiwi na mtu.

Nilimwonea huruma tu. Sasa sijui kama huruma yangu...

Nimekwenda chumbani kwake sasa hivi nimwambie. Alikuwa macho. "Una nini, mwanangu?" Nikamwambia nimekuja kumfunika shuka.

Uongo wa magharibi niliusema kwa ajili yake. Huu wa pili nimeusema kwa ajili yangu.