Mshipa Uliofunguka

Mdogo wangu mpenzi,

Hapa sote wazima, ila cherehani ndiyo inakohoa.

Leo acha nijigambe. Ule utafiti wa hospitali, wa wanawake wenye kisukari waliokoma hedhi, nimeumaliza. Miezi sita nimetembea saa nzima kila asubuhi kabla ya kufungua duka. Jana daktari alinifunga mkanda wa presha mkononi, akaubana dakika tano, akaachia huku akiutazama mshipa wangu kwenye skrini. Mara ya kwanza, kabla sijaanza kutembea, ulikuwa mkaidi, haukutanuka hata kidogo. Jana ukafunguka! Akaita wenzake: "Njooni mwone mshipa wa mama huyu!"

Nikawaambia, "Tazameni vizuri, huo nimeufumua kwa miguu yangu mwenyewe."

Nawe umri huo umeshafika. Kapime sukari, sitaki visingizio.

Kuna jambo nilikuficha. Mwaka jana pini ya kushonea ilinichoma mguuni, nikashinda nayo ndani ya kiatu kutwa nzima bila kuisikia, kwa ganzi ya sukari, na kidonda hakikupona. Kwa hiyo ukija, niletee viatu vilivyofunikwa mbele. Vidole vya miguu vimebaki tisa, na vyote vinatembea.

Dada yako,
Fundi