Fimbo ya Mama Ukunguni

Mjukuu wangu Felista,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Babu yako hajambo, anagombana na mbuzi tu.

Unauliza utaingiaje utawani bila kujua mbele kukoje. Miaka ya hamsini, nikiwa msichana, tulikuwa tukishusha kabichi kutoka kwetu mlimani, kupitia Bigwa kule chini, hadi sokoni Morogoro. Ukungu ukifunga mlima, mama alikuwa akitangulia, anagonga mawe kwa fimbo, nasi tunafuata mlio. Siku moja nikagoma, nikatua tenga langu.

"Mama, Bigwa kule chini siioni!"

"Nani kakwambia utazame Bigwa? Sikiliza fimbo."

Akaendelea kushuka. Mlio ulipoanza kufifia, nikajitwika upesi. Bigwa niliiona tulipofika.

Hadi leo, Felista, Mungu hajanionyesha Bigwa hata mara moja. Fimbo yake naisikia.

Bibi yako