Njiwa Mweusi wa Baba

Deinze, Jumatatu, Septemba 1924

Dada yangu mpendwa Leonie,

Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Roubaix, pamoja na shemeji na watoto, na kwamba kikohozi cha kiwandani kimekupa nafasi ya kupumua. Mimi mzima, isipokuwa goti, ambalo siku hizi lina maoni yake. Simu ya maandishi ya jana imekwambia Baba ametutoka. Haikukwambia ametutokaje.

Unakumbuka desturi yetu: popote nilipocheza mpira, hata siku nilipovaa jezi ya taifa kule Antwerp, nilibeba kapuni njiwa wawili wa Baba, wanaojua njia ya kurudi nyumbani. Tukishinda namrusha mweupe, tukifungwa mweusi, naye anajua matokeo kabla ndege hajatua. Kikaratasi cha matokeo nilichomfunga mguuni kilikuwa cha kuwasomea majirani tu.

Goti liliponistaafisha, Baba alikuwa keshalala kitandani pale dirishani, nami sikuwa na moyo wa kumwambia. Kila Jumapili nilikaa pembeni ya uwanja na kumrusha mweupe. Mwishowe akaanza kumuuliza Zulma, jirani anayemuuguza, tangu lini timu hii hii ya Deinze ikashinda kila wiki.

Wiki iliyopita daktari alisema tusihesabu siku nyingi. Basi jana, kwenye mechi ya wakongwe, nikaingia kweli, ili apate mchezo mmoja wa haki kabla hajaondoka. Tulifungwa saba, dada. Cyriel, kipa wetu, alinipigia kelele kwamba nikianza kugeuka leo nitamaliza Jumanne.

Sikuweza kumpelekea aibu ile. Nikaandika kwamba tumeshinda na bao nimefunga mimi. Lakini mkono una mazoea yake ya zamani: kwa kuwa tumefungwa, ulimtoa mweusi. Nilitanabahi alipokwisha kuvuka paa la kanisa.

Nilifika nyumbani nikichechemea, Zulma akanifungulia mlango analia. Akaniambia Baba alimwona yule mweusi akizunguka banda, akacheka mpaka akakohoa, akasema, “Kumbe leo kacheza kweli, mpumbavu wangu yule!” Kisha akafumba macho.

Kikaratasi kilikuwa bado mguuni. Nimekitia jikoni kwenye moto.

Mazishi ni Alhamisi. Njoo na treni ya Jumatano jioni. Goti na mimi tutakungoja stesheni. Zulma anakusalimu, nawe nisalimie wote, hasa mtoto wenu mdogo. Njiwa mweupe bado yumo kapuni. Namlisha humo humo, maana nikimrusha, dirishani hakuna mtu.

Kaka yako akupendaye,
Odilon