Zege la Jumanne

Kibokoni, Mombasa
Ijumaa, kabla ya magharibi

Baba yangu mpenzi,

Leo kabla ya sala ya Ijumaa injinia wa kampuni alipanda juu ya rundo la mbao akatangaza kwamba Fundi Shee ndiye nyapara mkuu wa jengo la Makadara, na kwamba Jumanne yeye peke yake ndiye atakayetoa ruhusa ya kumwaga zege la ghorofa ya tatu. Alisema uamuzi huo umetokana na utafiti. Watu wakapiga makofi. Majibu ya utafiti huo niliyaandika mimi, na tangu saa ile sijakaa kitako ila kwa barua hii.

Shikamoo, baba. Nisamehe kutanguliza habari mbele ya heshima. Magoti yanakwendaje? Mama zile homa za vipindi zimemwacha, au bado anajificha asipelekwe hospitali? Mimi ni mzima. Nakula vizuri, nalala kidogo. Chumba ni kilekile, na jirani wa juu bado anatwanga viungo tangu alfajiri.

Sasa nikueleze kwa mpangilio. Mhariri wangu aliniazima kwa mwezi mmoja kwa kijana wa Kizungu aliyetoka chuo kikuu, anayechunguza jinsi watu wanavyoongozwa kwenye kazi za ujenzi. Tangu bendera ibadilishwe makampuni yanataka manyapara wa hapahapa, na hayajui yamchague nani. Huyu kijana anataka kujua mwashi akikwama humwendea nani, nani akisema watu husogea, nani akikosekana kazi hulala. Maswali yenyewe ni mazuri. Vibarua wamempa jina la Bwana Maswali, na mwenyewe amelipenda. Kazi yangu ni kuuliza kwa Kiswahili na kujaza fomu.

Siku ya kuuliza tuliwekewa meza kwenye kivuli cha ukuta. Fundi Shee, mwashi mkubwa kuliko wote pale, akaja kutukaribisha. Unajua ilivyo, mgeni haachiwi vijana peke yao. Nikamletea kiti. Akakaa ubavuni pangu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, akimtambulisha kila anayekuja: huyu ni mtoto wa fulani, huyu mvivu lakini mkono wake mzuri. Na kila mmoja nilipomuuliza, "Ukikwama kazini, humwendea nani?" alimtazama mzee aliye mbele yake akasema, "Fundi Shee." Mwashi mmoja aitwaye Kombo akaongeza, "Kwani kuna mwingine?" Wote wakacheka. Wangejibu nini tena, naye amekaa pale? Nililiona kosa hilo likitendeka. Nikaona haya kumwondoa mzee mezani, nikaendelea kuandika.

Baada ya fomu nilibaki pale siku kadhaa na daftari langu, kwa mazoea ya kazi. Niliyoyaona ni haya. Fundi Shee haoni vizuri. Si kipofu, anatembea, anapanda jukwaa, anakutambua kwa sauti. Lakini kile kipovu ndani ya kioo cha pima maji hakioni. Anaiweka pima maji juu ya ubao, anainamisha kichwa, anangoja. Nyuma yake husimama Mutua, seremala kutoka Ukambani, mtu wa maneno machache. Mutua akikohoa mara moja, Fundi husema, "Inueni kulia." Akikohoa mara mbili, "Inueni kushoto." Akinyamaza, Fundi hupiga ubao kwa kiganja: "Sawa, twende."

Watu wote wa kazi wanajua, na hakuna anayetaja. Siku moja vumbi la simiti lilimpalia kibarua mmoja akakohoa ovyo. Fundi akaamuru ubao upandishwe, na Kombo akapiga kelele kutoka juu: "Ewe! Kakohoe kwenu! Hapa kikohozi kina mwenyewe!" Hapo ndipo walipocheka, na Fundi akacheka nao.

Ghorofa ya pili ilijengwa hivyo, na imekaa sawasawa. Lakini siku ya kumwaga zege lake, Fundi alipita chini kukagua boriti zinazobeba mbao, akizishika moja moja. Alishika moja iliyosimama juu ya jiwe linalocheza, akasema nzuri. Mutua alirudi nyuma yake, akaliondoa jiwe, akakaza boriti. Nimeandika hata ni boriti ya ngapi kutoka mlangoni. Wewe huhitaji kuambiwa, baba, siku ya zege ni watu wangapi wako juu ya mbao zile na makarai yao, na ni nani hubaki chini.

Tangazo la leo lilikuwa na sehemu ya pili. Kwa kuwa jengo limepata kiongozi anayekubaliwa na wote, Mutua anahitajika kwingine. Jumatatu anahamia Likoni, kwenye ghala jipya.

Nilimwendea Bwana Maswali papo hapo, nikamfungulia daftari. Alisoma kurasa zote akiwa amesimama juani.

"Kukohoa hakumo kwenye fomu," akasema.

"Hakumo. Kumo kwenye kazi."

"Umeniletea majibu ya watu wote, kwa mkono wako. Leo unataka niyafute kwa maneno ya mtu mmoja?" Uso ulikuwa umemwiva. Si mtu mbaya. Aliogopa, na akiogopa hushika karatasi. Kisha akasema jambo ambalo siwezi kulilaumu: "Siwezi kwenda kwa injinia kusema mzee wa watu haoni, kwa kuwa nimesikia. Akisema mwenyewe, nabadilisha ripoti mbele yake."

Mutua nilimkuta akifunga misumeno yake kwa gunia. Nikamuuliza kama atasema.

"Mimi?" akanitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mtu wa bara aende kwa mzungu kumshtaki mzee wa watu mjini kwao? Kesho yake nani atanishikia ngazi?"

"Lakini kwenye fomu nawe ulimtaja Fundi."

"Ulitaka nimtaje nani? Nijitaje?" Akafunga fundo. "Yule mzee ndiye aliyenipokea hapa nilipokuwa sina hata nyundo. Mwambie wewe. Wewe huna ngazi."

Basi baada ya alasiri nikaenda nyumbani kwa Fundi. Alikuwa barazani na kahawa yake.

"Karibu, mwana wa gazeti. Umekuja kunipa hongera ama kunipima?"

"Nimekuja kuuliza, Fundi."

"Mwezi mzima wauliza. Hujachoka?"

Nikamwambia Mutua anakwenda Likoni, nikamuuliza Jumanne nani atakohoa. Hakushtuka wala hakukana. Alikizungusha kikombe mkononi.

"Kombo atakohoa."

"Kombo huwa juu, Fundi. Boriti ziko chini."

"Boriti nazishika kwa mikono yangu. Mikono haijapatwa na kitu."

"Ile iliyokuwa juu ya jiwe uliishika pia."

Kikombe kikasimama. "Jiwe gani?"

Hakuwa akijua, baba. Hakuna aliyemwambia. Nikamweleza ilikuwa wapi, na nani aliliondoa. Akauliza ni kutoka mlango wa barabarani au wa nyuma, nikamjibu. Akauliza jiwe lilikuwa kubwa kiasi gani, nikamwonyesha kwa ngumi, kisha nikakumbuka, nikamwekea ngumi yangu kiganjani mwake.

Mkewe, Bi Zuhura, akasema kutoka nyuma ya pazia: "Mwambie na la juzi! Amenikuta ukumbini akaniamkia shikamoo, mimi mkewe! Amenidhania mamangu, na mamangu mwenyewe yuko Malindi!"

"Zuhura, hapa pana mgeni."

"Namuona. Mimi namuona."

Fundi akacheka kidogo, kisha akashusha sauti. "Haya mato yangu yameanza kufunga mwaka jana. Nikisema, watamleta nyapara kutoka nje, na hawa vijana atawatawanya kwa wiki moja. Mutua hawatampa. Jina lake haliko mahali popote."

"Siku ile nilikuuliza na wewe, Fundi, ukikwama humwendea nani. Ukasema humwendea Mwenyezi Mungu, watu wakacheka, nami nikaiacha nafasi tupu. Bado ni tupu."

Mwuza halua alipita, akamsalimu, naye akamjibu kwa jina. Mwisho akasema, "Miaka yote hiyo naambia watu shuka, panda, shuka. Mimi wataka n'shuke kwa neno gani?" Akasema nimwache afikiri, nirudi Jumapili. Hakuahidi kitu, na sitaki uelewe kwamba aliahidi.

Tangu nitoke kwake nimezunguka mpaka Ngome na kurudi mara mbili. Akikubali kusema, Bwana Maswali ataandika jina la Mutua, na inawezekana Fundi abaki kazini kwa mikono yake na elimu yake, bila kukagua. Inawezekana pia wasimpe chochote. Akikataa, nitakwenda mimi kwa injinia na daftari, liwalo na liwe. Hapo atashushwa mbele ya watu, na mtaa huu hautanikaribisha tena, wala sitawalaumu. Zege halitamwagwa juu ya boriti ambazo hakuna aliyeziona.

Ndiyo sababu nakuandikia wewe, si mama. Ulishuka jukwaani nikiwa shuleni. Tulikukuta nyumbani mchana, mwiko wako wa uashi umeoshwa na kutundikwa, na hatukuambiwa sababu. Kama kuna mtu aliyekuja kukwambia ushuke, nataka kujua alianza kwa neno gani, na wewe ulimjibu nini. Kama hakuna aliyekuja, nambie hilo pia, na kama ulitamani aje. Andika hata mistari miwili.

Nisalimie mama, mwambie hospitali haiumi. Msalimie shangazi Mwanaidi anayetupikia maandazi ya Idi, kaka Hamisi wa kiwanda cha katani, na mdogo wangu Tatu. Nimesikia amejifungua, na nguo za mtoto zimo kwenye kifurushi hiki.

Kesho alfajiri navuka Feri kumkabidhi barua dereva wa basi la Tanga. Ni mtu mwaminifu, atakuja mwenyewe mpaka mlangoni, na jibu umpe yeye kabla hajageuza. Anarudi Likoni Jumapili saa kumi alasiri, nami nitakuwa nikimngoja. Saa kumi na moja niko kwa Fundi Shee. Mkutano wangu na Bwana Maswali kwa injinia ni Jumatatu, saa mbili asubuhi.

Mwanao,
Rajabu