Goti la Sila

Jumanne, 2 Julai 1912

Leo nimeacha kufua bandeji. Bwana Daktari ameniita nimtafsirie Kigogo. Mgonjwa ni Sila wa Zuzu, aliangukiwa na mataruma ya reli. Mguu wa kushoto hauinuki. Mkewe Emilia yuko naye.

Daktari anasema mishipa ya fahamu hutoka mgongoni kwa vituo. Goti lina kituo chake; kikiwa kizima, goti likigongwa mguu huruka wenyewe. Kidole gumba cha mguu kina chake, chini kidogo. Akijua kituo kilichoharibika, Ijumaa atampeleka pwani apasuliwe. Mguu ukiwa umekufa wote, basi.

Mume wangu Matonya aliumia reli hiyohiyo, mwaka juzi. Hakuna aliyemgonga goti. Nilimkanda kwa maji moto tu. Siku kumi na moja, kisha nikamzika.

Jumatano, 3 Julai

Kidole gumba hakipandi. Goti nalo limegongwa kwa nyundo ya mpira mara tatu — kimya. Daktari ametikisa kichwa. Kidole peke yake angekielewa, lakini na goti pia?

Mimi ndiye niliyeshika paja. Gumu kama ubao. Sila anakaza ili mguu usiruke! Daktari alipotoka, akajisifu kwa mkewe: "Jandoni sikupepesa jicho. Nitikiswe na kinyundo hiki?"

Emilia akacheka. Akamwita simba wa kitandani.

Sikumwambia Daktari.

Alhamisi, 4 Julai

Emilia anampasha nyayo kwa viganja vyake. Anamtania, naye anajibu. Nimepita pale mara nne, kazi sikuwa nayo.

Matonya alikuwa akiegemeza nyayo zake za baridi kwenye miguu yangu. Nilikuwa namfukuza. Kwa nini nilimfukuza?

Na kwa nini huyu apone? Nimeandika. Sifuti.

Ijumaa, 5 Julai

Amegonga tena. Paja lilelile, gumu. Daktari amesema mguu umekufa, Sila atabaki. Nimemtafsiria Emilia. Hakulia. Ameniuliza polepole, maana habari za Matonya anazijua:

"Dada, wako ulikuwa unamkandaje?"

Nimemwonyesha. Mikono yangu ilikumbuka yenyewe.

Gari moshi limeshafika stesheni. Daktari anamalizia kahawa yake. Nimeagizwa nifunge vyombo vyake. Mikasi, pamba, chupa za dawa — vyote vimo sandukuni. Nyundo bado. Paja likilegezwa, ingetosha kugonga mara moja tu. Iko mapajani pangu, chini ya daftari hili. Daktari anasimama, anauliza kama tayari —