Vyumba vya Moyo

Bukima, 15 Agosti 1974

Kwako mchumba wangu Magige,

Huku sote wazima. Baba amemaliza kuezeka nyumba kwenye kiwanja chetu kipya cha kijiji, na dagaa ni wengi.

Majibu uliyoniandikia kwa ajili ya mtihani wa uuguzi niliyakariri yote. Uliandika kwamba moyo una vyumba viwili. Jumamosi kijiji kilichinja mbuzi, nikaomba moyo wake, nikaupasua kwa kisu cha samaki. Vyumba vinne. Nikadhani labda mbuzi si kama mtu, nikamuuliza mwalimu wetu Wankyo. Akafungua kitabu: mtu naye vinne. Tukapitia karatasi yako yote. Majibu kumi na moja si sahihi.

Wewe ni dresa wa zahanati, unafunga vidonda mwaka wa sita sasa hapo Bunda. Ulikuwaga unanishika mkono kunifundisha kuhesabu mapigo. Mambo ya moyo umeyasahau lini? Au ni yale maneno ya mama yako, kwamba nesi hulala kazini, si kwa mumewe?

Mtihani nimeufanya juzi, Musoma. Ulidhani ni mwezi ujao, nami sikukusahihisha.

Ng'ombe wa mahari mliowaleta bado wako wote zizini kwetu. Nimemwambia baba asiuze hata mmoja.

Ni mimi,
Hyasinta